Tunaondoa Virusi vya Aina Zote

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa na duka la steshenari pale Tunduma, upande wa kushoto ukiwa unaelekea mpakani. Hapo foleni ya malori ilikuwa inasimama muda mrefu kiasi kwamba dereva aliweza kushuka, akanyoa, akala, akaoga, akarudi na kulikuta lori la mbele yake liko palepale. Dukani kulikuwa na mashine ya fotokopi, kompyuta tatu na kiti kimoja kizuri, ambacho kilikuwa cha mjomba. Ndiko nilikohamia na kirusi changu mwaka ule chuo chetu kilipofungwa.

Songwe wakati huo lilikuwa bado jina la mto tu. Mkoa haukuwa umezaliwa. Sisi tulikuwa watu wa Mbeya. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya kemia Dar es Salaam, na utafiti wangu ulikuwa wa aina ambayo ukiulizwa nyumbani unatamani ungekuwa umesomea ualimu. Nilikuwa natumia kompyuta kuiga jinsi protini za kirusi zinavyojikusanya zenyewe mpaka zikawa ganda. Ganda la kirusi halina fundi. Vipande vyake vinaelea ndani ya maji ya seli, vinagongana, vinashikana, vinaachiana, na mwisho wake unakuta kuna tufe kamili lililofungwa kila upande, kama mpira uliojishona. Hakuna aliyewahi kukaa akalitazama jambo hilo kwa macho yake likitokea, kwa sababu ni dogo mno na linakwenda haraka mno. Kwa hiyo watu kama mimi wanaandika programu, wanaiambia kompyuta kila kipande kina umbo gani na kinanata kiasi gani, halafu wanakaa wanasubiri.

Wanafunzi waligoma, chuo kikafungwa, na maabara ya kompyuta ikatiwa kufuli. Msimamizi wangu wa utafiti, mzee mpole aliyekuwa anaongea kama anaogopa kuamsha mtu, alinishauri niweke programu yangu kwenye flashi, niende nyumbani, na huko nitafute kompyuta yoyote inayowaka. Alisema kirusi changu ni kidogo, hakihitaji mashine kubwa. Nadhani alikuwa ananisifu.

Nyumbani kulikuwa Chapwa, hapohapo Tunduma, kwa mama. Baba alikuwa amebaki Mbozi na kahawa yake, akisubiri ile bei nzuri waliyoahidiwa soko lilipofanywa huria. Mama alikuwa amechoka kusubiri, akateremka mjini kuuza mahindi na maharage kwa Wazambia. Nilipofika aliniuliza ninasoma kitu gani hasa, maana akina mama wa kwaya walikuwa wanamuuliza kila mara na yeye hana la kujibu. Nikamwambia ni virusi. Akaenda kufunga mlango, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepatwa na jambo.

Nilipaswa kulitegemea hilo. Pale Tunduma neno lile lilikuwa na maana mbili tu. Kilichokuwa kwenye flashi kiliitwa vairasi, na kilitajwa hadharani, hata kwa majivuno kidogo, kwa kuwa aliyekuwa nacho ilionyesha ana kompyuta. Kilichokuwa mwilini kiliitwa virusi, na hicho hakikutajwa. Watu walisema fulani amekanyaga waya, au walitazama tu pembeni. Mji wa mpakani, malori, nyumba za wageni kila kona: hapakuwa na ukoo usiokuwa na kaburi ambalo sababu yake ilisemwa ni homa.

Nilimweleza mama kwamba changu si hicho wala kile. Changu ni cha mimea, cha jamii ya mahindi. Uso wake ukachangamka, akauliza kama ndicho kinachomkaushia baba mahindi yake kule juu. Nikasema hapana, hicho changu hakijawahi kuonekana nchini kwetu.

“Kwa hiyo,” akasema, “wamekupeleka chuo ukasome ugonjwa ambao hatuna.”

Jumapili iliyofuata aliwaambia akina mama wa kwaya kwamba binti yake ni daktari wa virusi.

Mjomba alinipa kompyuta ya pembeni, ile ambayo herufi A ilikuwa haibonyezeki. Kwa kuchapa barua za Kiswahili haikuwa na faida yoyote, lakini mimi programu yangu ilikuwa imekwisha kuandikwa, na nilipohitaji A niliinakili kutoka kwenye neno jingine. Malipo yake yalikuwa kwamba nimsaidie kusafisha flashi za wateja. Pale karibu na forodha kila kijana mwenye shati la mikono mirefu alikuwa wakala, na kila wakala alikuwa na flashi shingoni iliyokwisha kupita kwenye kompyuta za miji minne. Nilizisafisha vizuri. Baada ya muda watu wakaanza kuja kwa ajili ya hilo tu, na mjomba, ambaye alikuwa haachi biashara ipite mbele yake ikiwa haijasalimiwa, akaamua kuweka kibao.

Akamwita fundi wa kuandika vibao. Alimwagiza aandike: tunatoa kopi, tunachapa barua, tunaondoa vairasi. Fundi huyo alikuwa mtu wa kujiheshimu, na Kiswahili kibovu kilikuwa kinamuumiza. Mjomba alipotoka kwenda benki, fundi alisahihisha. Mjomba aliporudi tulikuta mlangoni kibao cheupe kimening'inia, na kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kuliko zote, kimeandikwa TUNAONDOA VIRUSI. Na kwa kuwa chini yake nafasi ilikuwa imebaki, na yeye hapendi kibao kinachoonekana kimepunjwa, alikuwa ameongeza VYA AINA ZOTE.

Mjomba alilalamika. Fundi akamjibu kwa upole kwamba vairasi si Kiswahili sanifu, na kwamba rangi imekwisha kukauka. Mjomba akakirudia tena kibao kwa macho, akasema basi, kwa vyovyote kinasomeka.

Kilisomeka. Madereva waliokuwa kwenye foleni, watu wa nchi zote hadi Kongo, walikuwa wanatafsiriana. Wengine walicheka na kupiga picha. Wengine walipita mbele ya duka mara moja, wakapita tena, wakasimama kwenye duka la vipuri la jirani wakijifanya wanaangalia taa za lori. Mimi nilikuwa nawaona, lakini kichwa changu kilikuwa kwenye jambo jingine, kwa sababu kirusi changu kilikuwa kinakataa kujengeka.

Kilikuwa kinahitaji vipande kumi na viwili tu, kila kimoja kikiwa na pande tano. Niliviachia ndani ya boksi la maji ya kuigiza, mamia kwa pamoja, na kila nilipofungua matokeo nilikuta vitu kama mabakuli yaliyovunjika. Nusu ganda hapa, robo ganda pale, kimoja kimepinda kama sikio. Nikadhani gundi haitoshi, nikaongeza. Mambo yakawa mabaya zaidi. Mawakala waliokuwa wanasubiri kopi zao walikuwa wanachungulia wakidhani ni mchezo wa kompyuta, na mmoja aliniuliza kiungwana kama nikishindwa naanza upya au ninahesabiwa nimekufa.

Mwisho nikamwandikia msimamizi wangu. Jibu lake lilikuja siku ambayo mtandao ulikuwa na huruma, na lilikuwa la mstari mmoja: punguza gundi. Niliona kama amenijibu akiwa usingizini. Lakini nilipunguza, kwa sababu mwanafunzi hana ujanja, na ndipo nikaanza kuelewa. Gundi ikiwa kali, vipande vinadakana mara tu vinapokutana, vizuri au vibaya, na havibanduki tena. Kila kimoja kinaanzisha ganda lake, vipande huru vinaisha, na hakuna ganda linalokamilika. Gundi ikiwa hafifu, kilichokosea kinaachia na kujaribu tena. Inachukua muda mrefu, na kwa muda mrefu huo unaona kama hakuna kinachotokea.

Hivyo nikawa nimekaa natazama skrini ambamo hakuna kinachotokea, asubuhi moja mjomba akiwa hayupo, wakati mama mmoja alipoingia.

Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa anauza vitenge upande wa pili wa barabara, anavitoa Nakonde, upande wa Zambia, na kuvivusha, mwanamke mnene kiasi, wa umri wa mama yangu mdogo, mwenye sauti ya kuita wateja iliyokuwa inasikika mpaka ndani kwetu. Kwa Wazambia alikuwa anaita “mulishani mukwai,” akamaliza salamu akiwa tayari ameshakukunjulia kitenge. Siku ile sauti hiyo aliiacha nje. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Akanunua karatasi moja nyeupe, akaikunja. Akasimama. Akanunua karatasi ya pili.

Kisha akaniuliza kama kibao kile cha nje ni cha kweli.

Nikamwambia ni cha flashi, tunasafisha flashi na kompyuta. Akatikisa kichwa kama aliyetegemea jibu hilo.

“Na vya mtu?”

Nikamweleza kwamba vya mtu haviondolewi, si hapa wala mahali pengine, kuna dawa za kuvituliza tu, na hizo zinatolewa hospitali baada ya kupima. Nikamwambia akitokea mtu akasema anaviondoa, basi anamdanganya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema anajua. Alitaka tu kusikia nitajibu nini, kwa sababu kuna mganga mmoja kule Nakonde alikwishamjibu kwamba anaviondoa, na tangu siku hiyo amekuwa akiogopa zaidi.

Akaniambia dada yake alifariki mwaka uliopita upande wa pili wa mpaka. Mume wake yeye ni dereva wa malori, nusu ya maisha yake iko barabarani. Alikuwa hajawahi kupima. Alikuwa amefika mpaka kwenye geti la kituo cha afya na kurudi, si mara moja.

Shuleni mimi walikuwa wamenifundisha kusema na vipande vya protini tu. Yeye ndiye aliyeuliza kile kinachocheza kwenye skrini ni kitu gani. Nikageuka, na pale kwenye kona ya boksi kulikuwa na tufe. Kamili. Vipande vyote kumi na viwili, limefungwa, linazunguka taratibu kwenye maji ya uongo. Nilikuwa nimepaka vipande rangi ya waridi na kijani na njano ili nivitofautishe. Kwa miezi nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya dakika hiyo, na ilipofika nilikuwa nimeipa mgongo nikiuza karatasi.

Nikamwambia ni kirusi. Akasogea, akashika ukingo wa meza.

“Huyu ndiye?”

“Siye, mama. Huyu ni wa mimea. Na hata huyu si wa kweli, ni picha ya hesabu tu.”

Sidhani kama alilisikia hilo la pili. Alikuwa ameinamia skrini kama mtu anayetazama mtoto mchanga wa mwenzake.

“Mbona mzuri hivi,” akasema.

Akanieleza kwamba yeye siku zote alikuwa amemwona kwenye mabango ya hospitali na ya shuleni kwa wanawe. Kule alikuwa anachorwa fuvu la kichwa, au dude lenye kucha na meno, limekumbatia dunia. Tangu dada yake afe, akifumba macho alikuwa analiona lile dude. Nikamwambia hata kile cha watu hakina kucha. Ni tufe dogo lenye ganda, na ganda ni vipande vilivyoshikana, basi.

“Hana akili?”

“Hana.”

“Hachagui mtu? Si kwamba anakuwinda?”

“Hajui hata kama kuna watu, mama.”

Wakala mmoja aliingia akataka kopi, nikamtolea, akaondoka, na yule mama bado amesimama pale. Kisha akaomba nimchapie ile picha. Wino mwekundu ulikuwa umeisha kwenye printa, kwa hiyo kirusi kilitoka na rangi ya majani mabichi na njano tu, kama embe linaloanza kuiva. Alikikunja pamoja na zile karatasi zake mbili, akaondoka bila kusema atafanya nini.

Wiki hiyohiyo alikuja bwana afya wa kata. Alisimama nje akasoma kibao polepole mpaka mwisho, akaingia, akamwuliza mjomba ana kibali gani cha kutibu. Mjomba akamweleza habari za flashi. Bwana afya akakubali kwamba flashi anazifahamu, akauliza kama ni hivyo, hizo aina zote ni zipi. Mjomba alikuwa mtu asiyependa kuacha swali la mheshimiwa likiwa nusu. Akaninyooshea mkono, akasema zile aina zilizobaki anazo mpwa wake pale pembeni.

Bwana afya akaja mpaka kwenye kompyuta yangu. Wakati huo maganda yalikuwa yanafungika vizuri, yapo matano au sita yanazunguka. Nikamweleza ninavyofanya, kwa heshima, kwa maneno mepesi. Alinisikiliza kwa makini akiwa amesimama hatua moja nyuma. Nilipomaliza aliuliza kama vinaweza kutoka.

Nikasema haviwezi, ni namba tu. Alitazama nyuma ya kompyuta, mahali nyaya zinapoingilia, na sikuona kama ameridhika sana. Aliagiza kibao kibadilishwe kabla hajapita tena. Fundi akaitwa. Neno vairasi akakataa katakata kuliandika, lakini alikuwa na neno jingine safi kabisa, na kesho yake tukawa tunaondoa wadudu. Kabla ya saa sita mwenye nyumba ya wageni moja alikuwa amefika kuulizia kunguni.

Yule mama alirudi siku chache baadaye. Hakunizungusha safari hii. Alisema amekwisha kuamua kwenda kupima na angependa nimsindikize, kwa kuwa mimi virusi nimewazoea. Nilimkumbusha kwamba mimi si daktari, sijawahi kumtazama mgonjwa hata mmoja. Akasema anajua, ndiyo maana hanionei aibu.

Tulikwenda asubuhi. Tulikaa kwenye benchi refu na watu ambao wote walikuwa wanasoma kwa bidii tangazo la vyandarua. Mnasihi alikuwa binti wa rika langu, mwenye sauti ya kawaida kabisa, kama anayekuuliza unataka chai au uji. Akataka kujua mimi ni nani. Yule mama akasema ni daktari wake wa kompyuta. Mnasihi hakuuliza zaidi. Nadhani kazi ile ilikuwa imemzoesha majibu. Akaeleza kila kitu, kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kama nami ningependa kupima, maadamu nimefika.

Sijui kwa nini swali hilo lilinikuta kama sikulitegemea. Nilikuwa nimetumia zaidi ya mwaka nikiishi na virusi mchana kutwa. Nilikuwa nimemweleza mwanamke mtu mzima, kwa uhakika wote, kwamba ni tufe tu, halina kucha. Na mimi nilikuwa sijawahi kupima. Nilifungua mdomo nikaanza kueleza kwamba nimekuja kusindikiza tu, na nikasikia sauti yangu inatafuta mlango. Yule mama akanishika mkono.

“Hajui hata kama kuna watu,” akaniambia, kwa upole, kama anayenifundisha.

Tulipima wote wawili. Wakati wa kusubiri nilijua mambo mengi sana kuhusu jinsi ganda linavyojengeka, na hakuna hata moja lililonisaidia. Yeye alitoa karanga kwenye fundo la kitenge, akanipa.

Majibu yangu yalikuwa salama. Yake pia. Mnasihi alimwambia arudi tena baada ya miezi michache kuhakikisha, na amshauri mwenzake naye aje. Nilidhani yule mama atafurahi, lakini alilia, na alilia kwa hasira. Tulipotoka nje alinieleza kwamba alikuwa amejiandaa kwa jibu lile jingine. Alikuwa ameshapanga mtoto yupi akae na nani, amekwisha hata kuzungumza na shangazi yao kwa mafumbo. Mipango yote ile, akasema, na usingizi wote ule. Baadaye akatulia, akanunua sambusa, tukala tumesimama, na akasema mume wake akirudi safari atamwambia, ili naye akapime waishi kwa amani.

Mume alirudi. Yule mama hakuonekana kwenye vitenge vyake kwa muda, na pale barabarani sauti yake ilipokosekana palikuwa kama redio imezimwa. Nikahofia kwamba mwanamume amemfanyia ubaya. Alipotokea tena alikuja moja kwa moja dukani, akakaa kwenye kiti cha mjomba, jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kulithubutu, na mjomba akaangalia hali ilivyo, akatoka nje kuvuta hewa.

Alimwambia mumewe baada ya chakula. Alimwambia amepima, yuko salama, na kwamba sasa ni zamu yake. Mume akainuka, akaenda kwenye lori lililokuwa limeegeshwa barabarani, akarudi na soksi. Ndani ya soksi kulikuwa na kopo la vidonge.

Alikuwa na miaka akivimeza. Alikuwa amepima mji mwingine huko njiani, akaandikishwa hukohuko, na kila safari akipita anachukua dozi yake, anaificha kwenye lori. Na hizo kinga walizokuwa wanatumia nyumbani, alizozianzisha yeye mwenyewe kwa maelezo kwamba maisha ni magumu na watoto waliopo wanatosha, hazikuwa za kuzuia watoto. Yule mama alikuwa amemsifu kwa majirani miaka yote hiyo. Alikuwa anawaambia wanawake wenzake kwamba wamtazame mume wake, mwanamume anayejua kupanga uzazi.

Nilimwuliza alimfanya nini. Akasema alimpeleka akalale kwenye lori lake pamoja na soksi yake. Hakuwa anapaza sauti. Alikuwa anatazama barabarani, mahali foleni ilipokuwa imesimama.

“Sikukasirika kwa ugonjwa,” akasema. “Nimekasirika kwamba mimi nilikuwa naogopa peke yangu, na yeye anaogopa peke yake, kwenye kitanda kimoja.”

Mume alilala kwenye lori safari nzima ya kwenda Ndola na kurudi, jambo ambalo kwa dereva si adhabu kubwa, na yule mama alilijua hilo. Aliporudi walikwenda pamoja kwa mnasihi. Yule binti aliwaeleza kwamba vidonge na kinga ndivyo vilivyomlinda mke, na kwamba mume alikuwa amefanya mambo yote sawasawa isipokuwa kusema. Yule mama aliniambia sentensi hiyo ilimkera sana kwa sababu haikumwachia mahali pa kumkamatia. Alimruhusu arudi ndani. Kopo likatolewa kwenye soksi likawekwa kabatini karibu na chumvi, na akawa anamsimamia akimeza kama anavyomsimamia mtoto dawa ya minyoo, hata kama kuna mgeni mezani.

Chuo kilifunguliwa tena bila maelezo, kama kilivyofungwa. Nikawaaga mama na mjomba, nikarudi Dar es Salaam na matokeo yangu kwenye flashi, ambayo ilikuja kugundulika kuwa ina vairasi. Niliisafisha mwenyewe. Msimamizi wangu alipoona maganda yamefungika alisema vizuri, kwa sauti ileile ya kutoamsha mtu, na akanirudishia rasimu ya tasnifu imejaa alama nyekundu za nukta na mikato.

Siku ya kuitetea, mmoja wa wakaguzi, profesa wa idara nyingine, alifunga kurasa na kuniuliza swali ambalo huulizwa wote: utafiti huu una faida gani kwa mwananchi wa kawaida. Nilikuwa na jibu langu tayari. Nikasema kuelewa jinsi ganda linavyojengeka kunaweza, kwa siku zijazo, kuwasaidia wataalamu kutengeneza dawa zinazolizuia lisijengeke. Akaridhika, akaandika kitu. Yule mama nilimfikiria, picha ya njano na kijani ndani ya fundo la kitenge, lakini sikuona namna ya kumwingiza. Wangeniuliza sampuli yangu ilikuwa ya watu wangapi. Tena kirusi chenyewe hakikuwa chake.

Nilifaulu. Tasnifu ilijalidiwa kwa rangi ya damu ya mzee na nakala moja ikapelekwa maktaba, ambako nina sababu za kuamini kwamba haijasumbuliwa. Nakala nyingine nilimpelekea mama. Aliipitisha kwenye kwaya, wakatazama picha.

Kazi nilipata Itumba, kufundisha kemia sekondari; kwa hiyo nikawa mwalimu baada ya yote. Kule Ileje kuna milima na ukungu, na umeme ulipokuwa unakatika nilikuwa nawachorea wanafunzi protini ubaoni kwa chaki. Kompyuta ya shule ilikuwa moja, na ilikaa kwa mkuu wa shule chini ya kitambaa cha kufuma.

Miaka kadhaa baadaye, siku ya gulio, nilisikia sauti ikiita wateja nikaifahamu kabla sijageuka. Yule mama alikuwa anauza mchele na ufuta kutoka kwenye pikapu. Mume wake, ambaye nilikuwa simfahamu kwa sura, alikuwa amekaa kwenye usukani, mwanamume mrefu mwenye kofia, amenenepa kidogo. Alikuwa ameacha malori. Walikuwa wamepata shamba Ndalambo, bondeni, jirani na wafugaji waliokuja na ng'ombe zao, na yule mama alikuwa na kesi isiyoisha na ng'ombe hao kuhusu mpunga wake. Alinieleza kesi yote pale pale, ng'ombe mmoja mmoja. Katikati ya maelezo akaangalia jua, akagonga kioo cha pikapu, na mume bila kuuliza akatoa chupa ya maji na kopo, akameza, akarudisha kofia machoni.

Akamwambia mumewe kwamba huyu ndiye yule binti wa kompyuta. Mume akanisalimia kwa heshima kubwa kuliko ninayostahili. Alisema amesikia habari zangu, kwamba virusi ninaviona, na aliuliza kama bado ninafanya kazi ileile. Nikamwambia siku hizi nafundisha kidato cha tatu. Alisikitika waziwazi.

Yule mama yeye alikuwa na maswali yake. Aliulizia afya ya mama, na biashara ya mjomba. Akaniuliza kama nimeolewa. Nikasema bado. Akaniuliza kama kuna mtu. Nikasema ningemwambia kama angekuwepo. Alinitazama kwa huruma ya kweli, akafungua gunia, akanijazia mchele kwenye mkoba wangu juu ya madaftari ya wanafunzi, akakataa malipo, akarudi kuwaita wateja.